Kisiwa Changu Hakimo Kwenye Ramani

Jamani, nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Shule niliiachia darasa la pili, kwa hiyo kusoma kwangu ni kubahatisha. Hapa Alby, Uswidi, niliona tangazo lenye picha ya sufuria, neno likianza na "Karibi". Nikajua Waswahili wanakaribishana! Nikapika pilau kwenye sufuria langu la Unguja, lile marehemu mume wangu alilolinung'unikia safari nzima ya kuja huku.

Ukumbini, kila ninayemwambia "Hujambo" ananitabasamia tu. Wasiwasi ukaniingia. Mama anayeandikisha wapishi akaniuliza kwa Kiswidi natoka kisiwa gani. Moyo ukatulia kidogo.

"Unguja," nikasema.

Akaandika, kisha akakitafuta kwenye ramani ukutani. Hakukiona. Wenzake wawili wakaja kumsaidia. Nikawaza, wataniita tapeli mbele za watu!

Mjukuu wangu Salma, aliyekuwa anaegesha gari, akaingia, akaitazama ramani, akanivuta kando.

"Bibi, hii ni sherehe ya visiwa vya Karibi, kule Amerika! Umewaambia nini?"

Mara kipaza sauti kikaita: mpishi kutoka Unguja apande jukwaani, atueleze kisiwa chake kiko upande gani wa Jamaika.