Kwanza Uliza Mahindi

Siku yangu ya kwanza katika Wizara ya Mambo ya Nje nilivaa suti ya kuazima, nikapewa meza isiyo na kiti. Mkurugenzi wa Itifaki, mkuu wa taratibu zote za kupokea wageni wa serikali, alinikuta nimesimama.

"Wa wapi wewe?"

"Mwanza, mzee."

"Tafuta kiti, Msukuma. Leo utajifunza kusalimia kwa maandishi."

Akanifundisha noti ya kibalozi, barua ambayo ubalozi huiandikia serikali ya nchi ulipo. Hufunguliwa kwa salamu na heshima, hata kama jana mmegombana. Nilicheka. Yeye hakucheka. "Siku utakayoacha salamu," alisema, "ndiyo utakayorudishwa nyumbani."

Nilitumikia Ulaya, baridi ikanila masikio, kisha Asia, nikipanda cheo polepole. Mwishowe nikateuliwa balozi katika nchi jirani tunayogawana nayo ziwa. Nikawasilisha hati za utambulisho, yaani barua ya Rais inayomthibitisha balozi kwa mkuu wa nchi mwenyeji. Kazi niliijua, na sioni haya kusema hivyo.

Sikukaa sana, doria yao ikakamata wavuvi wetu wa Sengerema, kwa madai kwamba walivuka mpaka na kukata nyavu za wenzao. Mama wa mmoja wao, kijana aitwaye Masanja, akanipigia simu.

"Baba balozi, nimebaki na huyo mmoja. Ndugu zake ziwa limewachukua. Nirudishie."

Maneno yale yaliniingia, nikaumia hasa.

Katibu Mkuu wa wizara yetu aliniagiza nipeleke noti kali ya kupinga, kisha nisubiri.

"Nikisubiri, mheshimiwa, watafikishwa mahakamani. Huko mdomo wangu hauna kazi. Niruhusu niende mwenyewe."

"Nenda. Lakini ukikiri kosa kwa niaba ya serikali, fungasha mabegi urudi."

Sasa vijana, sisi Wasukuma tunajua jambo moja. Ng'ombe wako wakiingia shamba la mahindi la jirani akawazuia, hutumi mtoto, na hufiki ukidai ng'ombe. Unakwenda mwenyewe, unauliza mahindi. Ukianza na ng'ombe, mtabishana mpaka jua lizame na ng'ombe watabaki kule kule.

Nilikwenda hadi kituo cha doria ufukweni. Kamanda alinipokea amekaza uso, mwanasheria wake pembeni, wamejiandaa kwa ugomvi. Tukasalimiana. Nikasema, "Kamanda, naomba unionyeshe nyavu zilizokatwa."

"Nyavu?"

"Ndiyo. Na wenyewe, kama wapo."

Nilivua koti nikachuchumaa mchangani pamoja na wavuvi wao. Nikazishika nyavu, nikauliza za samaki gani, zilitegwa wapi, nikawapa pole. Kumpa mtu pole si kukiri kosa. Kisha nikaomba uzi, nikaanza kuziba tundu, maana nimekulia Pasiansi, kando ya ziwa pale Mwanza, na kazi hiyo naiweza. Mzee mmoja akatania, "Huyu tumwajiri, ubalozi unampotezea muda."

Tulikula sangara pale pale. Nilikuwa nanawa mikono kamanda aliposema, "Na vijana wako je, mbona huwaulizi?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Waliachiwa kesi haijaanza. Nilipomweleza Katibu Mkuu, aliuliza tu kama kuna karatasi yoyote niliyosaini. Nikamwambia hakuna. "Basi sijasikia kitu," akasema. Kwa bosi yule, hiyo ilikuwa pongezi.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaotaka kazi hii huniuliza habari za bendera kwenye gari na karamu za ikulu. Mambo hayo yapo, na ni matamu, sitawadanganya. Ila mimi huwasimulia siku niliyowasindikiza wale wavuvi kwa boti hadi Sengerema.

Pale gatini mama alikuwa mbele ya watu wote. Nikaweka tai sawa, nikamnyooshea mkono. Akanisukuma pembeni, akamshika Masanja mashavu yote mawili.

"Umekonda," alimwambia, akaanza kulia.

Mimi nikabaki na mkono hewani, na sijapata kujisikia balozi kuliko siku ile.