Jiko Lililofungwa Mwezi Ishirini

Harufu ya iliki ikikutana na mafuta ya moto hunirudisha Chundwa, kwenye jiko la makuti nyuma ya nyumba ya Athmani, ami yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alishafariki, na mama yangu, Bi Mwanaisha, akiishi pale kwa hisani ya shemeji yake. Mama alikuwa na mpango wake wa Ramadhani. Unga wa visheti alianza kuukusanya tangu Rajabu, kibaba leo, kibaba kesho. Nguo zetu za Idi zilishonwa Shaabani. Ikifika mwezi ishirini wa Ramadhani, visheti vimo mkebeni, mfuniko umebanwa, na jiko haliwashwi tena ila kwa futari na daku. Kumi la mwisho lilikuwa la msahafu: juzuu tatu kila siku, ahitimu kabla mwezi wa Idi kuandama, thawabu zimwendee baba.

Mwaka ule Ramadhani ilikutana na Krismasi. Mwezi ishirini na tano, ami, aliyekuwa akipeleka samaki hoteli moja ya Ras Kitau, aliingia uani na gunia la unga begani.

"Shemeji, wageni wamejaa. Wataka visheti kesho."

"Jiko nimelifunga, Bwana Athmani. Nimebakisha nusu ya msahafu."

"Kwani moto una kalenda?" Akacheka. "Mngu ana subira, wazungu hawana."

Mkewe, Bi Rukia, akadakia kutoka kibarazani: "Mkumbushe na nyumba ni ya nani."

Kisha ami akanigeukia. "Nawe, wataka viatu vipya vya Idi?"

Nikasema nataka. Mama akaweka kipande cha ukili wa mkeka kwenye msahafu, akaufunga.

Kesho yake baada ya adhuhuri, tumefunga, jua kali, karai la kuazima limejaa mafuta pomoni. Ami mwenyewe ndiye aliyesukuma kuni: "Hima, mashua yangoja!" Mafuta yakafurika, moto ukaruka hadi kwenye makuti. Mama alinitupa nje, yeye akabaki ndani. Mkono wangu wa kushoto ndio huu, vidole vitatu havikunjuki. Mama hakuiona Idi.

Shule niliishia darasa la tano, lakini waliofanya hili nawajua kwa majina: Athmani na Rukia. Na mimi, kwa viatu. Athmani ni mzee sasa, na kila Idi huniambia ilikuwa kadari. Kadari naiamini. Ila gunia lile halikushuka kutoka mbinguni.

Siku hizi mimi ndiye ninayeuza visheti. Oda huja kwa simu, na watu hukumbuka Idi mwezi ishirini na tisa, wakikimbizana na duka na fundi wa nguo. "Mamangu, kilo mbili tu, nitaongeza pesa," huniomba. Nawaambia jiko limefungwa. Wengine hununa, na wanune. Zamani mama hakuwa na mlango wa kuwafungia watu, mimi ninao. Huufunga, nikachukua msahafu wake. Ukili uko pale pale, mwanzo wa juzuu ya kumi na sita, na hapo ndipo ninapoanzia kila mwaka. Zile kumi na tano za kwanza alizisoma mwenyewe.