Siku Niliyowasomea Manabii

Enzi zetu hapa Stockholm, na nyinyi mliokulia miaka ya elfu mbili mnajua, mtoto hakuulizwa kama amechoka. Aliulizwa kama amemaliza. Mimi nilikuwa msichana wa Bredäng, baba Myahudi, mama Mkenya aliyeingia dini hiyo kabla sijazaliwa. Umri wa kuhesabiwa mtu mzima katika dini ulipofika nikapangiwa kusoma haftara, lile somo la Manabii linalofuata Torati Jumamosi asubuhi. Kwa Kiebrania. Tena kwa kuimba, kila neno na mahadhi yake. Mwalimu alinirekodia kaseti, nikaisikiliza hadi utepe ukaanza kukoroma.

Mzee mmoja wa sinagogi, mtu mwema kweli kweli, akamshauri mama: "Binti asome zile baraka za mwanzo na mwisho tu. Tusimtese."

Mama akatabasamu lile tabasamu la kutafuta mwiko wa kuchapia. "Atasoma yote."

Nyumbani akanigeukia: "Ukikwama mbele ya yule babu, usirudi na mimi. Panda treni yako."

Siku yenyewe akawaalika rafiki zake Wakongo wa Fisksätra, walokole watupu, wakiongozwa na Mama Furaha. Aliwaeleza desturi yetu: msomaji akimaliza, anarushiwa peremende. Hakuwaeleza mwisho unafananaje. Nikavuta pumzi katikati ya somo, vigelegele! Peremende zikaninyeshea. Moja, ngumu kama kokoto, ikanipata juu ya jicho.

"Bado, Mama Furaha! Bado!" mama akapaza sauti.

"Sasa mbona amenyamaza?"

Yule mzee akafunga kitabu chake taratibu, kwa huruma, kama mtu anayefunga jeneza. Nikaweka kidole kwenye neno nililoishia, nikaendelea, jicho likitoka machozi, hadi mwisho, na baraka zote juu yake. Mzee alikuwa wa mwisho kuitikia amina. Lakini aliitikia.

Leo ni zamu ya binti yangu. Simu inamwimbia somo polepole, inarudia, inampongeza. Bado akiona ukurasa ananijibu Kiswidi, "Mamma, orka!", yaani nguvu azitoe wapi, maskini, amechoka kwa kukaa. Kamati ya sinagogi nayo imeketi, imekunywa kahawa yake, imemwonea huruma: mistari mitatu inatosha, watoto wa siku hizi wana mfadhaiko. Nimewafokea. Wameniitikia kwa upole, kwa sauti za chini, wakaniuliza mimi mwenyewe nina hali gani.

Sisi walituona hatuwezi, wakatuacha tusome yote. Huyu wangu kila mtu anamwambia anaweza chochote duniani, kisha wanamkabidhi mistari mitatu.