Ngazi za Kwenda kwa Dada

Kifundo cha mguu wa kulia wa mama yangu kilisagika kwa baridi yabisi mpaka mfupa ukawa unasugua mfupa. Na nyumba zetu za Amu, kisiwani Lamu, hazimhurumii mwenye mguu mbovu. Maisha yako juu: jikoni juu, kulala juu, na huko juu kuna wikio, chumba chembamba kinachovuka ujia na kuungana na nyumba ya pili. Nyumba hiyo ni ya dada yake mama, aliyekuwa amepooza upande mmoja, hatoki kitandani. Kila siku baada ya alasiri mama alivuka, akamsuka dada yake nywele, wakausengenya mji mzima, akarudi magharibi. Sasa alilala chumba cha chini, na ngazi zikawa za kutazamwa tu.

Tulijaribu kumbeba kwa kiti. Kikakwama kwenye kona, mama akapiga mayowe, tukamteremsha.

"Mimi si gunia," akasema. "Ntapanda yuu kwa maguu yangu, au sipandi."

Ndipo tukaenda Mombasa. Daktari alieleza kwamba anaweza kuiunganisha mifupa, maumivu yaishe lakini kifundo kisikunjike tena, au aweke kifundo cha bandia cha chuma na plastiki, kinachokunjika. Mama aliuliza swali moja: kipi kitampandisha ngazi upesi? Cha bandia, akajibiwa. Basi akachagua hicho.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ninalisema hili kwa sababu mtaani kwetu hadi leo wanamlaumu daktari, nami nimewaacha wamlaumu. Tulirudi na karatasi ya masharti. Niliisoma mwenyewe, mimi mwalimu ninayewagombeza wanafunzi kwa kutosoma maswali: asikanyagie, kidonda kisilowe, mguu usikandwe.

Wiki ya tatu mguu ulivimba na mama akawa analia kwa uchungu. Kwetu mwili uliotoka kwenye jambo zito hukandwa. Mzazi aliyejifungua hukandwa siku arubaini nzima kwa maji moto na mafuta, na bibi aliyenikanda mimi mara zote tatu nilizojifungua anakaa mtaa wa pili. Nikamwita. Hakuna aliyenishauri. Nilimvua mama lile buti gumu la hospitali kwa mikono yangu, nikashika bakuli la mafuta. Mama aliguna, akatulia, kisha akapata usingizi mzuri wa kwanza tangu Mombasa. Nikajiona nina akili kuliko karatasi.

Baada ya siku nne kidonda kilitoa usaha. Tukarudi hospitali. Walikisafisha mara mbili, kisha, kwa kuwa usaha ulikuwa umefika ndani, wakakitoa kile kifundo cha bandia na kuiunganisha mifupa kwa misumari. Daktari aliuliza kwa ukali ni nani aliyeugusa mguu. Nilifungua mdomo, lakini mama akanitangulia.

"Nalikanda mwenyewe, daktari. Mwanangu alinikataza, sikumsikia."

Nikaufunga mdomo wangu. Naona haya zaidi kwa kunyamaza kule kuliko hata kwa yale mafuta.

Mguu ulikuwa bado kwenye plasta dada yake mama alipofariki. Walimwosha juu, na sisi chini tukasikia maji yakimwagika. Mama aliniamuru nimweke kwenye kiti mlangoni, maana milango ya nyumba zetu mbili inatazamana. Wachukuzi walipotoka na jeneza niliwaomba wasimame kidogo. Mama akanyoosha mkono, akaishika nguo iliyolifunika.

"Umekuya wewe, dada," akasema. "Mimi nalishindwa."

Wakaenda naye makaburini. Mimi nilibaki nyuma ya kiti, sina pa kuuweka uso wangu.

Mguu umepona sasa. Haukunjiki, lakini hauumi, na mama hupanda ngazi moja moja, akishika ukuta. Siku ya kwanza alipofika juu aliketi kwenye wikio akapumua, akiuangalia mlango wa upande wa pili uliofungwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka anitukane, tumalize. Akatoa chanuo kwenye leso yake.

"Ndoo hapa, mwanangu, nikusuke."

Nikaketi sakafuni mbele yake, nikalia, naye akanisuka mpaka magharibi.