Nyuzi Nne Kamili

Usinicheke. Niliwahi kufungiwa kwenye chumba cha baridi, mimi na samaki, na mlango ulionifungia niliutengeneza mwenyewe.

Kwa mikono yangu hii hii.

Nafundisha vijana kuandika programu za kompyuta, kijijini kwetu Savai'i, hapa Samoa. Muhula ule tulikuwa kwenye kweli na si kweli. Unaiuliza kompyuta: saba ni kubwa kuliko tano? Inajibu kweli. Tano ni kubwa kuliko saba? Si kweli. Basi. Mambo ya "labda" haiyajui.

Shida ni kwamba wanafunzi wangu walikuwa hawaijui "si kweli".

Kwetu mtoto hambishii mkubwa. Nikiandika upuuzi ubaoni, "Mbili ni kubwa kuliko tisa, kweli?", darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Nacheka, naendelea. Na nisiwe mnafiki, ile ndiyo ilikuwa inanikosha.

Sasa, wavuvi wa kijiji wana chumba cha baridi cha kutunzia samaki. Watu wakawa wanaacha mlango wazi, samaki wanaoza. Mwenyekiti wao, Mzee Lafaele, chifu wa ukoo, akanifuata.

"Mwalimu, hao watoto wako hawawezi kututengenezea mlango wenye akili?"

"Mzee, hiyo mbona kazi ndogo!"

Kanuni yenyewe rahisi. Chumba kikipata joto, mlango ukirudi unajifunga kufuli na haufunguki mpaka kipoe hadi nyuzi joto nne. Kikifika hapo, unabonyeza kitufe, unatoka. Jumatatu nikaiandika ubaoni, vijana wakanakili. Kuna mtu nyuma akaanza kuuliza kitu, nikamkata, "Keti, muda hautoshi." Wenzake wakacheka.

Tukaijaribu hapo hapo mezani. Tukatumbukiza kipima joto kwenye kikombe cha barafu, tukabonyeza kitufe, kufuli likaachia. Makofi!

Jioni yake mama yake Fuatino, mwanafunzi wangu mmoja, akaniletea palusami, yale majani ya taro yaliyopikwa kwa tui zito. Akainama, akaweka, akaondoka bila maneno mengi. Nikajua ni shukrani. Nikala mpaka nikalamba vidole.

Ijumaa tukaenda kufunga mitambo. Tuliingia watatu: mimi, Mzee Lafaele aliyetaka kuona kila skrubu, na Fuatino, binti wa mdogo wake, mpole kuliko wanafunzi wangu wote. Mkono wa ndani wa mlango nilishaung'oa ili kufuli jipya likae. Simu tuliziacha nje mezani, pamoja na mkoba wa Mzee.

Tulipomaliza kuunganisha kufuli na kitufe, upepo ukausukuma mlango.

Klik.

"Ee, ndiyo imefunga?" Mzee akauliza.

"Msijali," nikasema kwa madaha. "Chumba kimepata joto kidogo. Kikifika nne tunatoka."

Kioo cha kipima joto kilisoma nane. Tukasubiri huku tunapiga soga. Saba. Sita. Mzee, na kile kitambaa chake chepesi cha kiunoni, lavalava, akaanza kukohoa. Tano.

"Baba mkubwa, dawa yako ya pumu iko wapi?" Fuatino akauliza.

"Kwenye mkoba."

Nikageuka kuutazama mlango. Mkoba uko nje.

Nne! Mtambo wa baridi ukanyamaza. Nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kama mwehu. Wapi! Nikajua kufuli limeungua. Nikachukua bisibisi, nikaanza kulichokonoa. Likanikata kidole.

"Tupige kelele," nikasema.

Tukapiga mlango kwa ngumi na mateke. Na hapo hapo, nje, baragumu la kombe likalia. Saa ya sala ya jioni. Kwetu hapo hakatizi mtu. Kila familia iko ndani inaimba, na vijana wa zamu wako barabarani wanazuia wapitao. Anayevunja anatozwa faini, na aliyeikazania faini hiyo kwenye baraza ni nani? Mzee Lafaele mwenyewe.

Kijiji kizima kikaanza kuimba. Wanaimba vizuri, kusema kweli, lakini siku ile niliwachukia. Nani angetusikia?

Kioo kikapanda tano, mtambo ukawaka. Kikashuka nne, ukazima. Tano, nne. Tano, nne. Mlango hauachii.

Mzee akateleza ukutani, akakaa juu ya kreti la samaki. Kifua kinapiga mluzi, midomo imebadilika rangi. Nilimwogopa Mungu siku ile. Nikajiona namuua mtu kwa kitu nilichojisifia nacho.

Nikamgeukia Fuatino. "Tuliandika sawasawa, si ndiyo?"

"Ndiyo, mwalimu," akasema, macho chini.

Mzee akainua mkono kwa shida. "Binti... usimjibu hivyo kwa sababu ya heshima. Mimi nakufa hapa. Sema."

Fuatino akaketi. Kwetu hutoi neno mbele ya wakubwa umesimama, kwa hiyo mtoto wa watu akakunja miguu kwenye sakafu ile ya barafu ndipo akafungua mdomo.

"Naomba radhi, mwalimu. Nne ni ndogo kuliko nne?"

"Si kweli," nikasema, na papo hapo nikaliona kosa langu.

Nilikuwa nimeandika: fungua joto likiwa dogo kuliko nne. Sikuandika nne au chini yake. Na mtambo huzima ukifika nne kamili, haushuki hata kidogo. Tungekaa pale mpaka tugande.

"Na siku ile kikombe..." nikaanza.

"Kilikuwa na barafu. Kilisoma moja," akamalizia.

Tukarukia makreti mengine, yaliyojaa barafu. Tukachota barafu ya samaki kwa viganja, tukaishindilia kwenye kipima joto. Nne. Nne. Tatu!

Fuatino akabonyeza. Mlango ukafunguka.

Akatoka mbio, akaleta mkoba. Mzee akavuta dawa mara mbili, tatu, pumzi ikarudi. Nikakaa chini nikalia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Kisha nikamuuliza, "Fuatino, ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nilisema, mwalimu. Ukaniambia keti. Nilipomsimulia mama, akaona nimekukosea adabu. Ndiyo akakuletea palusami, kukuomba radhi."

Jamani. Yule mama alikuja kuniomba radhi kwa sababu binti yake yuko sahihi. Na mimi nikala, nikalamba vidole.

Jumapili nilipika palusami mwenyewe, ikaungua upande mmoja, nikaipeleka kwao. Niliketi chini kwenye mkeka ndipo nikasema neno.

Jumatatu nikaandika ubaoni: Mwalimu hakosei. Nikawageukia. "Kweli au si kweli? Leo hatoki mtu mpaka nijibiwe."

Wakatazamana. Halafu kutoka nyuma kabisa, kasauti kadogo:

"Si kweli."

Ndugu yangu unayesoma, kama nyumbani au kazini kwako kila mtu anakuitikia ndiyo, usifurahi. Mtafute uliyemwambia keti, umuulize alitaka kusema nini.