Herufi Moja kwenye Cheti Changu

Nimekaa lango la gereza, Jinja, miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Pale hakiingii kitu bila kuandikwa. Mfungwa akija na ndala moja, unaandika: ndala moja, ya kushoto, ya buluu, naye anatia dole gumba. Siku anayotoka, unampa ndala yake. Watu huicheka kazi hiyo. Hata mimi niliicheka, mpaka nilipokwenda kwa wasomi nikaona wanavyotunza karatasi.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Nilitaka kusoma stashahada ya ushauri nasaha, maana nilichoka kuwafungulia watu lango waende kwao huku nikijua watarudi. Chuo kimoja cha Mbale, kule upande wa viwanda, kikanikubali. Barua ilikuja kwenye simu, na chini yake agizo: njoo na vyeti halisi, vikaguliwe na msajili mwenyewe.

Msajili alikuwa mtu wa mihuri. Alikuwa nayo mitano mezani, ameipanga kama mchuuzi anavyopanga nyanya, na kabla ya kusema neno aliigusagusa. Alishika kitambulisho changu mkono mmoja, cheti cha kidato cha nne mkono wa pili, akavitazama muda mrefu kama daktari anayetafuta ugonjwa kwa mtu mzima wa afya.

"Hapa jina lina R," alisema. "Hapa lina L. Hawa ni watu wawili."

"Bwana, ni mtu mmoja, na amesimama mbele yako. Mwalimu aliyeniandikisha alitamka R, ofisa wa kitambulisho akatamka L. Kila mmoja aliandika alichosikia."

"Helufi ni helufi," alisema. "Helufi moja inabadilisha mtu."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakutania. Akaniambia niende Jinja kwa wakili, nile kiapo kwamba mimi ni mimi, na cheti nikiache pale kichunguzwe.

"Sawa," nikasema. "Niandikie kwamba nimekiacha."

Karani wake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akimenya ndizi, alicheka. "Afande, hapa si gereza."

"Najua. Gerezani mngekuwa mmeshaandika."

"Na hicho Kiswahili chako cha kambi," msajili akaingilia, "utakiacha huko huko. Hapa ni chuo."

Nilitoa daftari langu, nikaandika mwenyewe: cheti halisi kimoja, namba yake, kona ya juu imekunjika, kimepokewa leo. Karani akatia sahihi kwa hasira, karibu kalamu itoboe karatasi. Nikaomba na mhuri. Msajili alikuwa ameshanichukia, lakini mhuri hakuweza kuunyima. Aligonga mara mbili.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa msichana wa Budondo, kijijini karibu na Jinja. Tulikuwa tumetoka pamoja Jinja asubuhi ile, akanieleza kwamba ndiye wa kwanza kwao kufika chuoni. Wakamkuta na kosa la tarehe ya kuzaliwa, naye pia wakamwambia aache cheti.

"Omba wakuandikie," nilimnong'oneza.

"Mama, na wakikasirika?"

Nilipaswa kumwandikia mimi. Sikuandika. Niliona kwamba vita vyangu vimetosha kwa siku moja, na hilo najilaumu.

Baada ya wiki mbili nilirudi na hati ya kiapo. Karani alifungua droo, akaifunga. Akafungua kabati, akalifunga. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mvua, "Cheti chako hukukileta."

Nikaweka daftari mezani. Akasoma sahihi yake. Msajili akaja, akasoma mihuri yake miwili, akaanza kulaumu wanafunzi wa mafunzo, mafundi wa rangi, hata panya.

"Panya hawasomi," nikasema. "Nitakaa hapa mpaka kionekane."

Nikaketi. Nimezoea kulinda, na kulinda ni kuketi. Waliokuja waliniona, wakauliza, nami nikawajibu kwa sauti ya langoni. Baada ya saa moja hivi msajili alivua koti, akapiga magoti, akavuta sanduku lililokuwa limewekewa chupa ya chai juu yake. Ndani mlikuwa na vyeti vya watu, halisi, vimerundikwa kama magazeti ya kufungia karanga. Changu kilikuwa katika bahasha iliyoandikwa jina langu kwa mkono wake. Hakuliandika kwa R wala kwa L. Alikuwa ameiruka herufi yenyewe.

Chini yake kilikuwa cheti cha msichana wa Budondo.

"Huyu naye?" nikauliza.

Karani alitazama dirishani. "Alikuja juzi. Tulimwambia hakuleta."

"Akasema nini?"

"Aliondoka."

Nikamwambia apige simu, namba iko kwenye fomu, na aipige mbele yangu. Aliipiga. Tulisikia sauti ndogo ikiuliza mara tatu kama ni kweli, kisha mtu analia. Msajili alijishughulisha kupangusa magoti ya suruali.

Msichana alifika kesho yake na baba yake, mzee aliyevaa suti ya kanisani, akamwinamia msajili na kumshukuru kwa kukipata cheti. Kumshukuru! Na yule mtu akazipokea shukrani hizo kwa utulivu kabisa, akamwambia mzee, "Tunajitahidi sana."

Aliyevipoteza vyeti hakuomba radhi kwangu wala kwao. Wiki ile ile lilitokea tangazo dirishani, ndani ya plastiki, kwamba chuo hakihusiki na uzembe wa waombaji wasiotunza hati zao.

Sasa niko mwaka wa pili, na msichana huketi mstari wa mbele yangu. Siku chache baada ya masomo kuanza nilimnunulia daftari dogo. Alipeleka picha za pasipoti ofisini juzi, akakaa kaunta mpaka karani alipotia sahihi. Alirudi, akanionyesha ukurasa.

"Amekasirika," alisema.

"Sana?"

"Sana, mama."

Tukaingia darasani.