Ngome ya Karatasi na Nyumba ya Baba Mdogo

Kitabu chenyewe nilikipata mnadani Mbinga, ndani ya robota la mitumba. Nilikuwa nachambua masweta, maana mimi ni mtu wa ziwani, mzaliwa wa Lipingo, na baridi ya milima ya Umatengo ilikuwa bado inanionea hata baada ya miaka ya ndoa. Katikati ya masweta kulikuwa na kitabu kipana cha karatasi ngumu, kimechorwa kuta, mapaa na madirisha, pamoja na mistari ya kuonyesha pa kukata na pa kukunja. Muuzaji alikiona ni takataka, akanipa bure juu ya sweta.

Maelezo yalikuwa ya Kijerumani. Sista mmoja mzee wa misheni alinisomea, akaniambia ni ngome ya zama za kati, enzi za mabwana waliopigana juu ya farasi, na kwamba kwao watu wazima hukata na kugandisha majengo hayo kwa kujifurahisha tu. Nikaona kama watu wazima wa huko wanafanya, mwalimu wa shule ya msingi wa Mbinga naye anaweza.

Mume wangu ni fundi cherehani. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba mkasi wa kitambaa ukishaonja karatasi haufai tena, akautundika kwenye msumari nisioufikia. Nikatumia wembe. Gundi nilikoroga ya unga wa muhogo, uji ule ambao kwetu ukikauka kwenye sufuria unaubandua kwa kisu. Ulishika vizuri mno. Jumapili moja kidole changu kilinasa ndani ya lango la ngome, nikamwita mume wangu aninasue. Aliponinasua hakuondoka. Alitazama mikunjo yangu, akasema imepinda, akaleta kigurudumu chake cha kualamia mishono. Tangu siku hiyo wateja walikuwa wakikuta suruali hazijashonwa na fundi wao anakunja minara.

Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini kugombea kahawa. Baba Mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, alikuwa amepata mavuno mazuri na bei nzuri kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea maishani. Alikuwa ameshachoma matofali ya nyumba mpya, akaja kwetu kupimwa suti.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa juu ya kabati, ilikokaa ngome. Aliizunguka. Alichungulia langoni kwa jicho moja, akauliza choo kiko wapi. Kisha akauliza kama mwizi wa kahawa angeweza kuingia humo. Nikamwambia kuta zake zilikuwa nene na madirisha membamba hivi kwamba hata mshale ulipata shida. Hapo ningenyamaza, lakini mwalimu akipata msikilizaji hanyamazi. Nikaendelea mpaka kwenye handaki la maji lililozunguka kuta.

"Mkwe," alisema, "hii naiazima."

Niliibeba kichwani juu ya ungo mpaka kiwanjani kwake, kando ya njia inayotoka Namswea. Waliokutana nami walidhani ni keki, na nilipofika nilikuwa na kina mama wawili nyuma yangu wanapiga vigelegele na kuuliza anaolewa nani. Fundi mwashi aliupima mnara kwa vidole, akasema unawezekana, ila handaki kwenye mteremko ule haliwezekani. Baba Mdogo alilisikitikia handaki kama mtu aliyefiwa na ng'ombe. Mama Mdogo, mkewe, aliuliza swali moja tu, moshi utatokea wapi, na wote wakaendelea kupima.

Nyumba ilisimama. Kwenye paa la mnara palikuwa na vita, kwa sababu bati halikubali kuchongoka. Baada ya kuharibu mabati kadhaa, fundi aliezeka mnara kwa nyasi na nyumba iliyobaki kwa bati, ikawa kama mtu aliyevaa suti na kofia ya ukindu. Halafu kikaingia kitanda kipya. Mnara ni wa duara, kitanda kina pembe. Kila walikokisukuma pakabaki pengo la mtu kudumbukia. Wakakiweka katikati.

Mama Mdogo alisimama mlangoni akakitazama. "Hapo katikati huwekwa jeneza," alisema. Akachukua mto wake, akarudi nyumba ya zamani.

Wapita njia kutoka Namswea walianza kufanya ishara ya msalaba walipoufikia mnara. Asubuhi moja ya Jumapili kina mama kadhaa waliingia na rozari mkononi, wakamkuta Baba Mdogo na fulana anakula ugali kwa usipa, wale dagaa wa ziwani, wakauliza misa inaanza saa ngapi. Alitusimulia mwenyewe, bila kucheka. Alisema aliona haya kuwafukuza watu waliotembea mbali kiasi kile, akavaa shati, akawaongoza fungu moja la rozari, kisha akamalizia ugali.

Alilala mnarani peke yake msimu mmoja wa baridi, kisha naye akabeba mto wake. Mnara ukawa ghala la mahindi na kahawa, kavu kuliko maghala yote ya jirani, na mwizi hakuwahi kuugusa. Ngome yangu ilirudi imeliwa na mende upande wote wenye muhogo mwingi.

Sista alikuwa ameniagizia kitabu kingine kutoka kwao, cha kanisa kubwa lenye minara miwili. Mama Mdogo alipopata habari alikuja kwangu, akaketi, akakubali chai, akazungumzia mvua. Alipoinuka ndipo aliposema lililomleta.

"Mwanangu, hilo kalijengee kwa wazazi wako ziwani. Huko hakuna hela ya kahawa."

Nilimtii. Nililijenga Lipingo wakati wa likizo, sebuleni kwa baba yangu, na unyevu wa ziwa ukaiinamisha ile minara miwili taratibu kuelekea Malawi, ng'ambo ya ziwa.